Kampuni ya mieleka inahitaji mikanda mingapi, na ya aina gani?

Ubishi umerudi kwa mashabiki wa mieleka ya kulipwa: bingwa ni nani hasa, na mikanda yote hii ni ya kazi gani? Januari 2025 WWE, kampuni kubwa ya mieleka ya Marekani, ilimtawaza Lyra Valkyria bingwa wa kwanza wa mkanda wa Intercontinental wa wanawake, na hapo vipindi vyake viwili vikuu, Raw na SmackDown, vikafikisha mikanda 11 kati yao, bila kuhesabu ya vipindi vyake vidogo, NXT na Speed. AEW, kampuni hasimu, ilimaliza mwaka wake wa kwanza, 2019, ikiwa na mitatu tu. Kufikia mwisho wa 2023 ilikuwa imeongeza mikanda ya TNT na TBS, mkanda wa timu za watu watatu watatu, ule ulioitwa All-Atlantic kisha International, na Continental. Mtu aliyeacha kutazama kwa miaka michache akirudi leo anawakuta watu wawili wakiitwa mabingwa wa dunia ndani ya kampuni moja, na hajui mkubwa ni yupi.

Wanaolalamika wanasema mikanda imezidi. Wanaotetea wanasema vipaji ni vingi na kila mmoja anastahili nafasi. Pande zote mbili zinaanza kwa kuhesabu mikanda, na hapo ndipo zinapopotea. Wa kuhesabiwa kwanza ni watu: wangapi wanaaminika kama mabingwa, wangapi wanaaminika kama wapinzani wao, na kuna mapambano mangapi kwa mwezi ya kuwagawia. Idadi ya mikanda huja baada ya majibu hayo.

Mkanda ni nini, ikiwa mshindi hupangwa?

Mieleka tunayoizungumzia si ile ya Olimpiki. Hapa mshindi hupangwa kabla watu hawajapanda ulingoni, na kazi yao ni kulifanya pambano liaminike na kuwagusa watazamaji. Hilo si siri. Mwaka 1989 WWF, ambayo sasa ni WWE, yenyewe iliwaeleza wabunge wa jimbo la New Jersey nchini Marekani kwamba inachofanya ni burudani, ili iondolewe kwenye usimamizi wa michezo.

Ubingwa ni cheo, na mkanda, yaani ile ngozi yenye mabamba ya chuma, ni alama ya cheo hicho. Bingwa ndiye anayekishikilia, mpinzani ndiye anayekitaka, na bingwa akikubali kukiweka hatarini tunasema anatetea. Kikosi ni wanamieleka wote wa kampuni. Mpangaji ni yule anayeamua nani akutane na nani, nani ashinde, na kwa namna gani. Maneno haya yanatosha kwa yote yanayofuata.

Kwa kuwa matokeo hupangwa, wengi huhitimisha kwamba mkanda hauna thamani yoyote. Mambo ni kinyume kabisa. Kwenye ndondi, pambano lina sababu hata pasipo taji, maana hatujui nani ataanguka. Kwenye mieleka ya kulipwa sababu hiyo lazima itengenezwe, na hakuna sababu inayoeleweka upesi kuliko watu wawili wanaotaka kitu kimoja ambacho hakigawanyiki. Kisasi, usaliti wa rafiki, ugomvi wa kifamilia, vyote vinahitaji wiki kadhaa za kuvijenga. Mkanda unahitaji sentensi moja ya mtangazaji, na hata aliyewasha televisheni dakika tano zilizopita ameelewa.

Jambo jingine linalochanganya watu ni mmiliki. Mkanda ni mali ya kampuni. Bingwa ameaminiwa kuubeba. Desemba 1995 Madusa, aliyekuwa bingwa wa wanawake wa WWF kwa jina la Alundra Blayze, alitokea kwenye kipindi cha WCW, kampuni hasimu, akautupa mkanda huo kwenye pipa la taka mbele ya kamera. WWF haikuwa na bingwa wa wanawake tena hadi 1998. Tukio hilo ni sehemu ya sababu kampuni zilianza kuwa kali kuhusu kuvua mkanda kabla mtu hajaondoka, na ndiyo hofu iliyokuwa nyuma ya yaliyomkuta Bret Hart mjini Montreal Novemba 1997, aliponyang'anywa ubingwa ulingoni bila kuambiwa, akiwa njiani kuhamia WCW.

Mkanda mkubwa na mdogo ulitoka wapi

Huwezi kupanga mikanda vizuri bila kujua kwa nini ipo ya ngazi mbili. Mwaka 1948 mapromota kadhaa wa Marekani, yaani waandaaji wa mapambano, walikutana Waterloo, Iowa, wakaunda umoja wao, NWA. Kabla ya hapo promota yeyote aliweza kumtangaza mtu wake kuwa bingwa wa dunia, na mabingwa wa dunia walikuwa wengi. NWA ilikubaliana kuwa na mmoja, ambaye angezunguka kwenye maeneo ya wanachama wote. Kila eneo likabaki na bingwa wake.

Utendaji wake ulikuwa huu. Kwa miezi, mashabiki wa eneo walimwona bingwa wao akiwashinda wote waliopo. Kisha bingwa wa dunia anafika kwa siku chache. Bingwa wa eneo anapanda naye ulingoni, anambana, anakaribia kabisa kumshinda, na pambano linaisha sare ya dakika 60, au bingwa wa dunia anaenguliwa kwa kuvunja kanuni. Kwa desturi ya mieleka, ubingwa haubadiliki kwa mtu kuenguliwa. Mgeni anaondoka na mkanda wake, mwenyeji anabaki na heshima yake, na mashabiki wanaamini kwamba mtu wao angeweza. Bila ule mkanda wa eneo, mwenyeji angekuwa mwanamieleka mmoja kati ya wengi, na hakuna ambaye angenunua tiketi kumwona akijaribu.

Kwa hiyo tangu mwanzo kazi ya mkanda wa pili ilikuwa kumthibitisha mpinzani wa mkanda wa kwanza. Anayeuita zawadi ya kuwafariji walioshindwa kupata mkubwa hajaielewa kazi hiyo. WWF ilipoanzisha Intercontinental mwaka 1979 na kumtaja Pat Patterson bingwa wa kwanza, ilitangaza kwamba ameushinda kwenye mashindano Rio de Janeiro. Mashindano hayo hayakufanyika. Haikuleta shida, kwa sababu mkanda ulipewa kazi halisi baada ya hapo. Randy Savage na Ricky Steamboat waliugombea kwenye WrestleMania III, onyesho kubwa la mwaka la WWF, mwaka 1987, pambano ambalo wengi hadi leo wanalikumbuka kuliko lile kubwa la usiku ule. Agosti 1992, kwenye uwanja wa Wembley jijini London, Bret Hart na British Bulldog ndio waliofunga SummerSlam, onyesho jingine kubwa la WWF, kwa mkanda huo, huku pambano la ubingwa mkuu likiwa limeshapita.

Mfano ulio wazi zaidi unatoka Japani. Januari 4, 2014, ndani ya uwanja wa Tokyo Dome, kampuni ya New Japan ilikuwa na pambano la ubingwa wake mkuu wa IWGP kati ya Kazuchika Okada na Tetsuya Naito. Mashabiki wakapiga kura ya lipi lifunge onyesho. Wakachagua Shinsuke Nakamura dhidi ya Hiroshi Tanahashi, lililokuwa la mkanda wa Intercontinental, mkanda uliokuwa na umri usiofika hata miaka mitatu. Nakamura alikuwa ameubeba kama kitu cha thamani, na watu wakauona hivyo. Jina la mkanda na dhahabu yake havipandishi hadhi. Wanaoubeba na wanaoangushwa kwa ajili yake ndio wanaopandisha.

Hesabu ya kikosi

Chukua kampuni ya wanamieleka 24, wanaume 16 na wanawake 8, inayofanya onyesho moja kubwa kwa mwezi lenye mapambano saba. Ukubwa huu ni wa kawaida kwa kampuni ndogo iliyojipanga.

Mkanda wa mtu mmoja, ili uishi mwaka mzima, unadai bingwa mmoja, wapinzani watatu wanaoaminika, na angalau watu wawili ambao wapinzani hao watawashinda ili waaminike. Hao ni sita. Kipengele cha mwisho ndicho husahaulika. Mpinzani hawi tishio kwa kutangazwa. Anakuwa tishio kwa kushinda, na kila ushindi unamhitaji mtu wa kushindwa. Mkanda ni kama chungu: kila kinachoinjikwa kinadai kuni zake, na ukiinjika vinane kwa kuni za vinne, hakuna kitakachoiva.

Kwa wanaume 16: mkanda mkuu unachukua sita. Mkanda wa pili hauhitaji sita wapya, kwa kuwa bingwa wake na mpinzani wake mkali wanaweza kuwa miongoni mwa wapinzani wa mkanda mkuu, ongeza wanne. Wamebaki sita, yaani timu tatu za wawili wawili. Timu tatu ni chache, lakini mkanda wa timu unasimama, hasa ukimpa mmoja wa wapinzani wa mkanda wa pili mwenzake mara kwa mara. Wanaume wamekwisha. Kwa wanawake nane, mkanda mmoja unachukua sita na wawili wanakuwa akiba, kwa sababu majeraha hayapigi hodi. Jumla ni mikanda minne na mabingwa watano.

Sasa ongeza mkanda wa televisheni, wa watu watatu watatu, wa pili wa wanawake, na wa mapambano yasiyo na kanuni. Mikanda imekuwa minane, na mabingwa 11 kati ya watu 24. Karibu nusu ya kikosi ni mabingwa.

Balaa linaanzia hapo. Bingwa hapaswi kushindwa ovyo. Akifungwa kwenye pambano lisilo la ubingwa, aliyemfunga amekuwa mpinzani halali, na usipompa nafasi ya kuugombea mkanda, watazamaji wanajifunza kwamba kushinda hakuna maana. Kwa hiyo kila mkanda unaouongeza unamtoa mtu mmoja, wawili au watatu kwenye orodha ya wanaoweza kupoteza. Mpangaji mwenye mabingwa 11 kati ya 24, kila akiandika ratiba, hamwoni wa kushindwa. Ndipo unapoona mapambano yanayovurugwa na watu wanaoingia kutoka nje, sare zisizo na sababu, na watu walewale wawili watatu wanaoshindwa kila mara hadi hakuna anayewaonea hata huruma.

Muda nao una hesabu yake. Tuseme kila mkanda utetewe kila onyesho la pili, yaani mara sita kwa mwaka. Mikanda minne inatoa mapambano 24 ya ubingwa, mawili kwa kila onyesho. Hapo tangazo la pambano la ubingwa bado lina uzito. Mikanda minane inatoa 48, manne kati ya saba, na mtazamaji anaanza kushangaa pale pambano linapokuwa si la ubingwa. Ukipunguza na kutetea mara tatu tu kwa mwaka, mikanda haionekani na watu wanasahau nani anayo.

Kampuni kubwa zenye vipindi vya kila wiki zina watu na muda zaidi, kwa hiyo mikanda mingi si kosa kwao papo hapo. Fanya hesabu ileile kwa kila kipindi peke yake, kana kwamba ni kampuni inayojitegemea.

Minne ya msingi, na mahali inapoharibika

Mkanda mkuu uwe mmoja, uonekane mkubwa hata kwa aliyekaa nyuma kabisa, na pambano lake lifunge onyesho isipokuwa kuna sababu nzito. Neno "dunia" si lazima. Kampuni isiyovuka mkoa wake inajidhuru kumwita mtu bingwa wa dunia. Jina la kampuni au la eneo linabeba uaminifu zaidi.

Mkanda wa pili uwe na tofauti inayoelezeka kwa sentensi moja, tofauti isiyokuwa udogo. Unaweza kuwa wa anayetetea mara nyingi zaidi: John Cena mwaka 2015, akiwa na mkanda wa United States, alifungua mlango kwa yeyote karibu kila wiki kwenye Raw, na mkanda uliokuwa umesahaulika ukawa sehemu inayosubiriwa ya kipindi. Unaweza pia kuwa na njia rasmi ya kupanda. TNA, kampuni nyingine ya Marekani, ilifanya hivyo mwaka 2012, Austin Aries alipouachia mkanda wake wa X Division ili apewe pambano la ubingwa wa dunia dhidi ya Bobby Roode, akashinda. Njia kama hiyo inaiunganisha mikanda miwili kwa kamba moja, na kila anayeutwaa mdogo anaulizwa swali linalozaa hadithi: utaubakiza au utauuza?

Mkanda wa timu ndio ghali kuliko yote kwa watu, na ndio unaoanzishwa kwa haraka kuliko yote. Kila upande unakula wawili, na timu nne tu ni watu wanane. Kosa linalorudiwa ni kuuanzisha kabla timu hazijakuwepo, kisha kuwaunganisha watu wawili wasio na mavazi wala mbinu za pamoja. Mkanda wa timu wa wanawake wa WWE, uliotwaliwa kwanza na Sasha Banks na Bayley Februari 2019, umesumbuliwa na hilo kwa miaka: mabingwa wengi walikuwa watu wawili waliokutanishwa tu, na wakiachana mkanda haukuwa na timu nyingine iliyokomaa ya kuupokea. Kanuni moja ya zamani inasaidia kuokoa muda, ile iliyopewa jina la kundi la Freebirds: kundi la watu watatu likiutwaa mkanda, wowote wawili kati yao wanaruhusiwa kuutetea. Mmoja akiumia, mkanda unaendelea.

Mkanda wa wanawake haupaswi kuwa wa mapambo. WWE iliuondoa mkanda wa Divas, uliokuwa na umbo la kipepeo, kwenye WrestleMania 32 mwaka 2016, ikaleta mpya uliofanana na ule wa wanaume, na Charlotte Flair akautwaa mbele ya Becky Lynch na Sasha Banks. Sura ya mkanda inamwambia mtazamaji kampuni inauweka wapi. Kuhusu mkanda wa pili wa wanawake, jibu liko kwenye hesabu: ukiwa na wanawake nane, bado, ukiwa na 14 wanaoonekana kila mara, ni wakati wake.

Ya nyongeza

Mkanda wa televisheni ni mzuri kwa mwenye kipindi cha kila wiki. Siri yake ni kikomo cha muda, kwa kawaida dakika 10 au 15. Kikomo kinampa bingwa njia ya kubaki na mkanda kwa sare, kinampa mpinzani mdogo nafasi ya kuonekana karibu ameshinda, na kinalinda ratiba ya matangazo. New Japan ilipouleta wake Januari 2023, Zack Sabre Jr. akiwa wa kwanza, iliweka dakika 15. Asiye na kipindi cha kila wiki hana sababu ya kuwa nao.

Mkanda wa uzito unafaa ikiwa kuna watu wepesi wa kutosha wenye mtindo wao. New Japan ina kitengo cha wasiozidi kilo 100 chenye historia ndefu, na kinasimama kwa sababu kina mashindano yake na watu wake. WWE ilikuwa na mkanda wa wasiozidi ratili 205, kama kilo 93, lakini watazamaji walimwona bingwa wake kama mtu aliyetengwa na kipindi kikuu. Januari 2022 uliunganishwa na ule wa North American wa NXT na kufutwa.

Mkanda wa watu watatu watatu umekaa vizuri Meksiko, ambako mapambano ya watatu dhidi ya watatu ndiyo chakula cha kila siku cha ulingo. Mahali ambapo mtindo huo ni nadra, mkanda wake unahama mikono bila mtu kuona.

Mkanda wa aina ya pambano, kama wa Hardcore wa WWF ulioanza Novemba 1998 kwa Mankind, huanza kwa kishindo. Baadaye iliwekwa kanuni kwamba unaweza kutwaliwa saa yoyote mahali popote akiwepo mwamuzi, na ukawa unabadilika mara kadhaa kwa usiku mmoja. Kama kichekesho ulifanya kazi yake. Ila ubingwa unaobadilika hivyo hauwezi kumjenga mtu, na kampuni ndogo haina vifaa wala uzima wa viungo vya kuubeba.

Kabla ya kuongeza mkanda wowote kati ya hii, fikiria zawadi isiyo mkanda. New Japan ina mashindano ya G1 Climax tangu 1991. Royal Rumble ya WWE, tangu 1993, humpa mshindi pambano la ubingwa WrestleMania. Money in the Bank, nayo ya WWE, tangu 2005 hutoa mkataba wa kumkabili bingwa wakati wowote. Meksiko pambano kubwa kuliko yote mara nyingi halina mkanda kabisa: watu huweka kinyago chao au nywele zao, na anayeshindwa hufunuliwa uso au kunyolewa hapohapo. Zawadi hizi zinatoa sababu ya kupigana bila kumtengeneza bingwa mwingine ambaye hapaswi kushindwa mwaka mzima.

Mabingwa wawili wa dunia

Huu ndio mkanganyiko mkubwa wa sasa, na umejirudia mara mbili kwa njia ileile. Desemba 2001, baada ya WWF kuinunua WCW, Chris Jericho aliwashinda The Rock na Steve Austin usiku mmoja na kuiunganisha mikanda miwili ya dunia. Mwaka uliofuata kikosi kiligawanywa kati ya Raw na SmackDown, bingwa Brock Lesnar akabaki SmackDown, na Septemba 2002 Raw ikamkabidhi Triple H mkanda wa World Heavyweight bila pambano. Desemba 2013 Randy Orton alimshinda John Cena na mikanda ikawa mmoja tena.

Mwaka 2016 kikosi kiligawanywa upya, ukazaliwa mkanda mkuu wa pili, Universal. Roman Reigns akautwaa Agosti 2020, akaongeza ubingwa wa WWE Aprili 2022, na kwa kuwa alitetea kwa nadra, Raw ikakaa miezi bila mkanda mkuu wa kugombewa. Mei 2023 ukaletwa mkanda mwingine wa World Heavyweight, akautwaa Seth Rollins mjini Jeddah.

Basi kuunganisha si tiba ikiwa kilichozaa mikanda miwili bado kipo. Vikosi viwili vinavyotembea na vipindi viwili tofauti vitadai mikanda mikuu miwili. Ukitaka mmoja, bingwa lazima aruhusiwe kuonekana pande zote mbili na atetee mara nyingi kutosha kulisha vipindi vyote viwili, mzigo ambao wachache wanaumudu. Na urefu wa kipindi cha ubingwa peke yake hauelezi kitu. Bruno Sammartino alikaa na mkanda mkuu wa kampuni hiyo siku 2,803, kuanzia Mei 1963 hadi Januari 1971, na ulibaki hai kwa sababu alikuwa akiutetea bila kuchoka mbele ya watu walewale kwenye ukumbi wa Madison Square Garden, New York. Reigns alikaa siku 1,316 na Universal. Mashabiki bado wanabishana kuhusu siku hizo, na ubishi wao kwa kweli ni kuhusu mara alizotetea.

Upande wa pili ni WCW ya mwaka 2000, ambako mkanda mkuu ulibadilika ovyo hadi mwigizaji David Arquette akautwaa mwezi Aprili. Mkanda unaohama kila wiki unamwambia mtazamaji asihangaike kukariri nani bingwa.

Mkanda ukiwa wazi, na mkanda ukifutwa

Andika kanuni kabla ya jeraha, si baada yake. Bingwa asipoweza kutetea kwa siku ngapi, ubingwa unatangazwa kuwa wazi? Siku 30 imewahi kutajwa na kampuni kadhaa, lakini kwa mwenye onyesho moja kwa mwezi, 90 ni ya haki zaidi. Finn Bálor aliutwaa Universal SummerSlam 2016, bega likaumia ndani ya pambano lilelile, akaurudisha kesho yake. Iliuma, ila kila mtu alielewa. AEW mwaka 2022 ilichukua njia ya bingwa wa muda: CM Punk aliumia, Jon Moxley akawa bingwa wa muda Juni, wakakutana Agosti. Kati ya hapo palikuwa na watu wawili wenye mkanda mkuu na hakuna aliyekuwa na uhakika wa mambo. Bingwa wa muda anafaa tu ikiwa tarehe ya kurudi kwa mwenye mkanda inajulikana na iko karibu.

Mkanda unaofutwa ufutwe ulingoni, kwa pambano dhidi ya mkanda unaobaki, na mtangazaji aseme wazi historia ya upi inaendelea. Intercontinental na United States iliunganishwa hivyo Novemba 2001, na WWE ilipoufufua wa pili mwaka 2003 mashabiki waliupokea kwa sababu hawakuwa wameona ukidharauliwa. Mkanda wa 24/7 wa WWE, uliotwaliwa saa yoyote kama ule wa Hardcore, kwa upande mwingine, uliishia kutupwa kwenye pipa la taka Novemba 2022, na mtu akitaka kuurudisha itabidi kwanza aeleze kwa nini ulitupwa. Chagua onyesho ambalo mkanda unaobaki una bingwa imara, mpe anayepoteza pambano la kweli la dakika 15 au 20, na usiulete mkanda mpya wowote kwa angalau miezi sita baada ya hapo, ili aliyeunganisha apate muda wa kuutetea ule mmoja dhidi ya wapinzani wa pande zote mbili.